Kijiti Kilichokataa Kuvunjika

Jumatatu, tarehe saba, mwezi wa tatu. Asubuhi ukungu juu ya ziwa, baridi ya kuuma vidole. Jua lilitoka saa tatu. Upepo ulianza saa nane mchana, kutoka upande wa mlima Longonot.

Ndivyo daftari langu linavyoanza siku hiyo. Mwaka siuandiki kwa sababu jalada lililiwa na panya, na nikikisia nitawadanganya. Ni miaka ya hamsini, Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, haijaisha, na Njeri, mtoto wangu wa kwanza, ndiyo kwanza anaanza kutembea akishika ukuta. Nilikuwa na desturi, na ninayo mpaka leo, ya kuandika hali ya hewa juu na chakula cha jioni chini. Katikati naandika jambo la siku, kama lipo. Siku nyingi halipo. Jumatatu hiyo lilikuwepo, tena kubwa, lakini katikati ya ukurasa kuna mistari kumi na moja mitupu. Nilishika kalamu nikairudisha.

Sasa nyinyi vijana wa mashua ndio mmenilazimisha kuijaza. Wiki iliyopita mmoja wenu, yule mrefu anayekodisha mashua ya tanga kwa wageni pale karibu na mafunjo, alinisimamisha njiani. Akasema, mzee, huu usukani wangu unaokunjika, mbona haukai chini? Akiukaza, unagonga matope na kutaka kung'oka. Akiulegeza, unaelea kama bata. Nilimjibu kwa maneno machache nikaenda zangu. Kufika nyumbani nikaona aibu, kwa sababu kulijua jibu lile zamani kulikaribia kumgharimu mtu mwingine kazi yake, na mtu huyo sikumtaja. Basi nimenunua daftari jipya. Elimu yangu ni ya darasa la tatu, shule ya misheni, na mwalimu alikuwa akisema mwandiko wangu ni kama kuku anayetafuta minyoo. Mtanivumilia.

Nianze na usukani wenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuufungua. Una mashavu mawili ya mbao, na katikati ya mashavu kuna ulimi. Ulimi umeshikwa na bolti moja tu, kwa hiyo unaweza kuning'inia chini ndani ya maji, na ukigongwa unarudi nyuma na kuinuka. Ziwa letu mnalijua. Hapa kina cha nyumba, pale kina cha goti, na katikati magugu. Usukani usiokunjika hauwezi kumaliza mwezi.

Lakini ulimi ni mbao, na mbao hupenda kuelea. Tena mashua ikikimbia, maji yanausukuma nyuma. Ukirudi nyuma hata upana wa kiganja, mkono wa usukani unakuwa mzito, unakuvuta kama ng'ombe anayekataa kuingia josho, na mashua haigeuki tena unavyotaka. Kwa hiyo unataka ulimi ukae chini kama umepigiliwa, na unataka uinuke mara tu unapogonga kitu. Mambo hayo mawili yanagombana. Mimi nilichukua mwaka mzima kukubali kwamba yote mawili lazima yawepo kwa pamoja, na nilikubali vibaya, kama mtakavyoona.

Aliyenifundisha ni Onyango. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa kubwa, kule magharibi, na mashua alizianza akiwa mdogo. Wakati ninaoandika habari zake alikuwa na mvi chache juu ya masikio, tukimwita Mzee kwa heshima ya kazi kuliko ya miaka. Alisimamia banda la mashua la Mzungu mmoja mwenye shamba kando ya ziwa. Mzungu huyo tulimwita Bwana Saa, kwa kuwa alitazama saa yake hata akiwa anasalimiwa. Jina lake halisi nitaliacha. Watoto wake wapo, na hawajanikosea lolote.

Mimi nilitoka Elburgon, kwenye kiwanda cha mbao. Nilikuwa najua miti ya podo na mutarakwa kama nijuavyo vidole vyangu, lakini ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, kutoka kwenye lori. Emajensi ilipokuja, watu wa kabila langu walianza kupakiwa kwenye magari na kurudishwa riziavu, maeneo tuliyotengewa na serikali, hata wale waliozaliwa huku huku. Bwana Saa alikuwa akitafuta mtu wa mbao. Akanipa barua ya kuniruhusu kubaki. Niliikunja barua hiyo ndani ya kipande changu, kile kitambulisho cha kazi, na kipande kilikaa kifuani mwangu usiku na mchana. Kazi ikiisha, barua imeisha, na mimi na Mama Njeri na mtoto tunapanda lori. Hilo nalitaja mapema ili mjue nilichokuwa naogopa. Sisemi kwamba linanisafisha.

Siku ya kwanza Onyango alinipa randa na ubao, akakaa kunitazama. Nilipomaliza alipitisha kidole, akatikisa kichwa. "Mbao unazijua," akasema. "Maji huyajui, omera." Omera kwao ni kama kusema ndugu yangu, lakini alivyolisema siku ile lilikuwa na kicheko ndani.

Jinsi alivyonifundisha maji sijaiona katika kitabu chochote, ingawa sijasoma vingi. Alinilaza kifudifudi nyuma ya mashua, akaniambia nitie mkono ziwani hadi kiwiko, vidole vikitazama chini, viungane. Yeye akashika tanga. Upepo ukaingia, mashua ikakimbia, na mkono wangu ukaanza kurudi nyuma wenyewe. Nikajitahidi kuushikilia. Bega likauma. Halafu akaelekeza mashua kwenye magugu bila kuniambia, yakanipiga mkono, na nikauinua kwa haraka kama mtu aliyeguswa na moto.

"Umesikia kuvutwa," akasema, "na umesikia kugongwa. Sasa nenda ukamtengenezee ulimi, naye asikie hivyo hivyo."

Njia yake ilikuwa ya kijiti. Unaushusha ulimi mpaka mwisho, unatoboa tundu moja kwa keekee kupitia shavu, ulimi, na shavu la pili, kisha unapitisha kijiti cha podo chenye unene wa kidole cha mwisho. Mahali ulimi unapokutana na shavu, pande zote mbili, unazungushia kijiti mkwaruzo mdogo wa tupa. Ulimi hauendi popote. Ukigonga nguzo au jiwe, kijiti kinakatika pale penye mkwaruzo, ulimi unainuka, na mashua inapona. Unaweka kijiti kingine.

Vijiti hivyo alivikata kila Ijumaa, amekaa juu ya mashua iliyopinduliwa, akipiga mluzi. Katika kila kumi alivunja kimoja kwa vidole karibu na sikio. Kikilia kama biskuti, vyote vimepita. Kikipinda kwanza kabla ya kukatika, alitupa vyote kumi motoni bila huruma, nami nikawa naumia kuona kazi ya asubuhi ikichemsha chai. Vilivyopita alivichovya kwenye mafuta ya mbao mpaka vikawa rangi ya kahawia, akavitia ndani ya mkebe wa samli. Ukivitazama vyote ni sawa. Kumbukeni rangi hiyo.

Lazima niandike pia habari za samaki. Kila Jumamosi Onyango alituletea samaki mmoja, amemfunga kwa jani. Sasa, nyumbani kwetu hakuna aliyekula samaki. Mimi nililelewa kwa mahindi na maharagwe. Mama Njeri alitoka Dundori, kwenye viazi na maziwa, na alikuwa akisema kitu kisicho na miguu wala kope hakiingii katika sufuria yake. Samaki aliingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma, kwenda kwa mke wa mpishi wa Bwana Saa. Jumatatu Onyango alikuwa akiniuliza, "Samaki alikuwaje?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Mtamu sana, Mzee." Nilisema hivyo kwa karibu miaka miwili.

Turudi kwenye vijiti. Msimu ule magugu yalikuwa mengi. Jumamosi mbili mfululizo, katika mashindano ya Wazungu, kijiti cha Bwana Saa kilikatika kwenye magugu tu, ulimi ukainuka, na wenzake wakampita akizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Jumamosi ya pili alikuja bandani maji yakimtiririka, akatuambia sote wawili: hataki kuona ulimi huo ukiinuka tena. Hayo ndiyo maneno yake, na ni haki niyaandike. Ni haki pia niandike kwamba hakutuambia tutumie mti gani.

Onyango akasema ndiyo Bwana. Kisha akaendelea kukata podo, ila aliviongeza unene kama wa uzi mmoja. Niliona. Mimi nilidhani hajatia maanani.

Ijumaa iliyofuata alikwenda mjini Naivasha kutafuta skrubu. Nilibaki peke yangu. Pembeni mwa banda kulikuwa na mpini wa jembe uliovunjika, wa mutamaiyo. Nyinyi mnaochoma makaa mnaujua mti huo, mgumu hata shoka linarudi. Nilichonga kijiti kimoja, unene ule ule, mkwaruzo ule ule, nikakichovya kwenye mafuta. Kilipokauka hata mimi nisingekitofautisha na vya mkebe, isipokuwa kwa uzito na kwa harufu. Nikakitia kwenye usukani wa Bwana Saa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia Onyango aliporudi. Nilikuwa nikijiambia nataka kumshangaza. Nadhani nusu ni kweli. Nusu ya pili, nilitaka Bwana Saa arudi ameshinda na aulize ni nani aliyetengeneza usukani huu, nami nikohoe kidogo.

Jumamosi upepo ulikuja mapema na kwa nguvu. Bwana Saa alishika usukani na Onyango alishika tanga dogo la mbele, kwa kuwa ndivyo walivyokwenda siku zote. Mimi nilikuwa ufukoni. Mashua ilipita magugu bila kusita, na nakumbuka nilitabasamu. Walikuwa wa pili, wakikaribia wa kwanza.

Miaka ya nyuma ziwa lilikuwa limepanda na kumeza malisho ya mtu, pamoja na seng'enge na nguzo zake. Nguzo zilikuwa za mutarakwa, ambazo hazijui kuoza. Zilisimama chini ya maji, hazionekani. Ulimi uligonga mojawapo.

Kama kijiti kingekuwa cha podo, kingekatika na wao wangecheka. Mutamaiyo haukukatika. Kilichong'oka ni bawaba za kushikia usukani kwenye mashua, na bawaba zikaondoka na nusu ya ubao wa nyuma wa mashua. Kutoka ufukoni nilisikia sauti kama ya mtu anayepasua kuni. Mkono wa usukani ulimpiga Bwana Saa ukamvunja kifundo cha mkono. Maji yakaingia kwa nyuma, mashua ikakaa kama mtu aliyechoka, tanga likalala ziwani. Si mbali na hapo kulikuwa na viboko wanne. Onyango alimshika Bwana Saa kwa ukosi wa koti, akamning'iniza kwenye ubavu wa mashua mpaka mtumbwi ulipowafikia. Viboko walitazama tu. Namshukuru Mungu kwa uvivu wa viboko wa siku ile.

Bwana Saa hakupiga kelele. Alisimama ufukoni ameshika mkono wake, akamwambia Onyango kwamba usukani ni kazi yake, na kazi hiyo karibu iwaue watu. Siku ya Jumatatu atoe vitu vyake ndani ya nyumba. Onyango alivua kofia iliyolowa, akasema ndiyo Bwana. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka hapo, na mkono wangu ulikuwa kifuani juu ya kipande. Nikaacha iwe hivyo.

Hapa nisimame kidogo nimjibu yule mrefu, maana anangoja jibu la usukani na mimi ninamletea kesi.

Kijana, usitegemee kijiti peke yake, wala usitegemee kamba peke yake. Fanya hivi. Kata kijiti cha podo, au cha mti mwingine mwepesi uliokauka, na usikie kinavyolia. Halafu toboa tundu dogo kwenye ukingo wa mbele wa ulimi, mbele kidogo ya bolti. Funga kamba hapo, ipite katikati ya mashavu, ipande mpaka kwenye mkono wa usukani. Ukiivuta kamba hiyo juu, ncha ya ulimi inakwenda mbele na chini. Watu wengi hufunga upande wa nyuma wa ulimi, kisha wanashangaa kwa nini wakivuta ulimi unapanda. Kamba ya nyuma ni ya kuinulia. Ya mbele ni ya kushushia. Kati ya kamba ya kushushia na mkono wa usukani, funga ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, mara mbili, uvutike hasa. Kijiti kinashika wakati wa kukimbia. Kikikatika, mpira unauachia ulimi uruke nguzo, halafu unaurudisha chini polepole, na unaweza kurudi nyumbani ukiwa na usukani. Mpira ubadilishe kila msimu, jua linaula. Na bolti usiikaze kwa nguvu za hasira. Ikaze mpaka ulimi ushuke kwa kusukumwa na kidole kimoja.

Mpira huo ulikuwa wazo la nani, siwezi kuapa. Onyango alikuwa akiwaambia watu ni langu. Daftari langu la mwezi wa nne linasema ni lake. Tyubu yenyewe ilikuwa ya baiskeli ya mpishi, na hiyo tuliichukua bila kumuuliza, kwa hiyo labda sifa ni ya mpishi.

Jumapili, siku iliyofuata ajali, mvuvi mmoja aliuleta usukani. Ulikuwa umeelea mpaka kwenye mafunjo, mashavu na ulimi na bawaba zikiwa na vipande vya ubao bado. Onyango aliniita bandani. Alikuwa ameuweka juu ya meza ya kazi, ameutazama muda mrefu, nadhani, kwa kuwa maji yalikuwa yamekauka chini yake. Kijiti kilikuwa ndani, kizima. Hakukitoa. Alikigusa tu kwa kidole.

"Kitazame hiki," akaniambia. "Vijiti hivi nimekata mpaka sijui idadi. Wiki hii niliongeza unene kidogo tu, kwa sababu ya kelele za Bwana. Kidogo tu. Na kimekataa kuvunjika." Akatazama mikono yake, upande mmoja na mwingine. "Sasa nikienda nyumbani, nikimtengenezea mtu mashua, nitajuaje?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Kwa hilo sikuwa nimejitayarisha. Mtu yule hakuwa analia kazi wala nyumba. Alikuwa amepoteza imani na vidole vyake, na mimi ndiye niliyekuwa nayo mfukoni. Nilifungua mdomo nikasema kwamba labda ile nguzo iligongwa vibaya. Hilo ndilo nililosema. Naliandika lilivyo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Njeri amesimama mlangoni na jani mkononi. Onyango alikuwa amepita. Jumamosi hakuweza kuleta samaki kwa sababu ya ajali, kwa hiyo alimleta Jumapili.

"Baba Njeri," akasema, "mtu huyu anafukuzwa kesho, na bado anatuletea samaki. Amefanya nini huyu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mpini wa jembe na mafuta na kila kitu, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na kofia kichwani. Hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama nikisema, lori litakuja lini. Nikasema sijui. Akamchukua mtoto akaingia ndani, akaanza kukunja nguo na kuzipanga ndani ya sanduku. Samaki alimtia chumvi akamwacha juu ya meza. Siku hiyo samaki hakwenda kwa mke wa mpishi.

Sasa ndiyo Jumatatu, yenye mistari mitupu.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia Bwana Saa akija kabla ya kumwona. Mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Onyango alikuwa amepanga zana mezani, kila moja mahali pake, kama mtu anayekabidhi. Na mkebe wa vijiti alikuwa ameuweka mwisho.

Nikasema, "Bwana, kijiti hicho si cha Mzee Onyango. Ni changu. Ni mutamaiyo."

Bwana Saa akatazama saa, nadhani kwa mazoea. Nikachukua nyundo ndogo na chuma, nikakigonga kijiti kikatoka kwenye tundu, nikakikwangua kwa kisu na kumpa anuse. Akanusa. Yeye mwenyewe alikuwa na nguzo za mutamaiyo shambani kwake, aliijua harufu. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba alisema hataki ulimi uinuke, na mimi nikadhani najua mbao. Sikumwambia kwamba ni kosa lake, kwa sababu halikuwa. Robo labda.

Onyango alikuwa amekinyakua kijiti. Alijaribu kukivunja kwa vidole, karibu na sikio, kama alivyofanya siku za Ijumaa. Hakikuvunjika. Akachukua kingine kutoka kwenye mkebe, kimoja cha vile alivyoviongeza unene, akakivunja. Kililia kama biskuti. Akachukua cha pili. Biskuti. Cha tatu. Alivunja kama saba au nane, kimoja baada ya kingine, na uso wake ulikuwa ukifunguka kila mara. Halafu akaketi juu ya mashua iliyopinduliwa.

"Kumbe ni wewe," akasema. Alilisema kwa upole sana, nami nikaona afadhali angenipiga.

Bwana Saa akamwambia Onyango kwamba yeye atabaki. Kuhusu mimi, akasema anaweza kuandika barua nyingine asubuhi hiyo hiyo, ya kunirudisha. Kisha akasita, na hili nitamsifu nalo daima, akamgeukia Onyango. Akamuuliza kama anaweza kufanya kazi na mtu huyu.

Onyango alifikiri. Nawaambia alifikiri kweli, hakuwa anaigiza. Alinitazama mimi, akatazama mashua yenye tundu nyuma, akatazama mimi tena. Upande wa nje kulikuwa na ndege wanapiga kelele kwenye mafunjo, na moyo wangu ulikuwa unapiga juu ya barua ile.

"Ubao wa nyuma unataka watu wawili," akasema. "Mmoja hawezi kuukunja. Akae mpaka tumalize, Bwana."

Bwana Saa akaondoka. Tukabaki na ukungu. Onyango akavifagia vijiti vilivyovunjika akavitia kwenye moto wa chai, na mimi nikawa sijui mikono yangu niiweke wapi.

"Kuna kingine umenificha?" akauliza bila kugeuka.

Mtu akishaanza kusema kweli hajui pa kusimama. Nikasema, "Samaki wako, Mzee. Hatujawahi kumla hata mmoja."

Akageuka. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama juu ya kijiti.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na ulikuwa unasema mtamu."

"Nilikuwa nasema mtamu sana."

"Kijiti nimekusamehe," akasema. "Hili nitalifikiria." Na mabega yake yakaanza kutikisika, nami sikujua kama ni kicheko mpaka alipoanza kukohoa.

Msidhani mambo yalirudi sawa siku hiyo. Kwa wiki mbili alizungumza nami kwa majina ya zana tu: patasi, msasa, gundi. Ilikuwa haki yake. Ubao wa nyuma tulimaliza mwezi wa nne, wa mutarakwa, na siku tuliposhusha mashua tuliipeleka wenyewe mpaka kwenye nguzo ile, tukaigonga kwa makusudi. Kijiti kikalia, ulimi ukaruka, mpira ukaurudisha. Nilingoja Bwana Saa aniite. Onyango alimwambia kwamba bado kuna mlingoti wa mashua ya pili. Baada ya mlingoti kukawa na sakafu ya mashua ya tatu. Tulimaliza baada ya miaka tisa, Bwana Saa alipouza shamba, na Onyango akapanda gari moshi kwenda kwao na mkebe wake wa samli mkononi. Barua ile ninayo bado. Imekatika kwenye mikunjo.

Lakini jioni ya Jumatatu ile Onyango alifika kwetu bila kualikwa. Alikuwa hazungumzi nami bado, kwa hiyo alizungumza na Mama Njeri. Alimwomba kisu, chumvi na kitunguu, akamwonyesha jinsi ya kutoa magamba, akamkaanga yule samaki wa Jumapili, aliyekuwa amehifadhiwa kwa chumvi, mbele ya macho yetu. Sanduku la nguo lilikuwa bado wazi kitandani. Kisha akaketi mlangoni akapandisha mguu juu ya mguu, akatungoja tuanze.

Chini kabisa ya ukurasa, chini ya mistari kumi na moja, nimeandika hivi: Jioni, viazi, kabichi, na samaki. Mimi nilikula upande mmoja. Mama Njeri alifumba macho, akala mkia, akaomba tena.